Mama Kidirisha na Mswada wa Simu

Dada yangu anaonekana kwenye televisheni kila siku Bunge linapokaa, na bado hajawahi kusema mle hata neno moja la kwake. Yuko pale chini, pembeni, ndani ya kidirisha kidogo, amevaa nguo nyeusi isiyo na maua ili mikono ionekane, anawatafsiria viziwi wa nchi nzima maneno ya waheshimiwa kwa lugha ya alama. Mheshimiwa akinguruma, dada ananguruma kwa vidole. Mheshimiwa akitoa machozi ya mamba, dada anakunja uso mpaka unatamani kumpelekea leso. Mtaani hawamwiti tena kwa jina alilopewa na wazazi. Ni Mama Kidirisha, na jina limemkaa vizuri kuliko alivyotaka, maana hata nyumbani kwake hajapata kuliona pazia bila kuchungulia nyuma yake.

Nampenda, msije mkanielewa vibaya. Ni mkubwa wangu na amenibeba sana mgongoni. Lakini mimi ni msusi, na msusi asiyesema watu vidole vyake huwa vizito. Leo zamu ya kusemwa ni yake.

Mama yetu ni kiziwi tangu utotoni. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa akijua mashine imekwama kwa kuweka kiganja mezani. Sisi wanawe tulianza kuongea kwa mikono kabla hatujajua midomo ni ya kazi gani zaidi ya kula. Raha ya lugha ile ni kwamba unaweza kuongea huku umejaza mdomo. Karaha yake ni kwamba haina kunong'ona. Ukimsema mtu kwa mikono, anayeijua lugha anakusoma hata akiwa ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo nyumbani kwetu siri hazikukaa, na dada yangu akakua akiamini kwamba hazitakiwi kukaa.

Kila mtu wa nyumbani ana jina la alama, jina lisiloandikwa wala kutamkwa. Ni tendo la mkono tu, na Mama ndiye aliyetugawia. La kwangu ni kujikuna kichwa, kwa sababu nilipokuwa mdogo nilipata chawa. Chawa waliisha zamani, jina likabaki. La dada ni kidole kimoja kilichonyooka kikitikiswa mbele ya pua ya mtu, kama anayekanya. Alipewa angali anatambaa, jambo linaloonyesha kwamba Mama anajua kusoma watu mapema. Na la binti wa dada, mtoto wake wa pekee, ndilo zuri kuliko yote: ncha ya kidole inagusa shavu la kushoto na kuzunguka kidogo, pale panapotokea kishimo anapocheka. Mtu wa nje akikuona atadhani unajikuna. Sisi tunajua Binti ametajwa. Lishikeni hilo jina, maana ndilo lililoleta habari yote hii.

Tangu akiwa mtoto, dada alikuwa mkalimani wa kutisha kwa uaminifu. Siku moja mwalimu alimwita Mama shuleni kumshtaki dada huyo huyo, na hapakuwa na mwingine wa kutafsiri. Mwalimu akasema, "Mtoto huyu ni mbishi, hasikii, na mdomo wake haufungi." Mtoto mwingine yeyote mwenye akili timamu angemwambia mama yake, "Mwalimu anasema naendelea vizuri, anaomba tu nipumzike." Dada alitafsiri neno kwa neno, mpaka na ile namna mwalimu alivyobetua midomo. Akaadhibiwa shuleni, akaadhibiwa nyumbani, na usiku ule alilala kifua mbele kana kwamba kapata zawadi.

Ana msemo wake alioutunga mwenyewe na anaupenda sana: "Mkalimani ni bomba. Maji yanapita, bomba halinywi." Huo ndio mwiko wa kazi yao. Mheshimiwa akisema "mimi," naye anasema "mimi." Hasemi "huyu bwana anadai kwamba." Kwa hiyo kwa miaka aliyokaa kwenye kidirisha, dada yangu amekwisha kuwa waziri, amekuwa mpinzani, amekuwa mbunge wa milimani anayelilia daraja. Ameapa, ameomba radhi, amefuta kauli mara zisizo na idadi.

Ajabu ni kwamba mtu aliyeomba radhi nyingi kiasi hicho kwa niaba ya wengine, ya kwake hajawahi kuitoa. Aliwahi kuliunguza gauni langu la harusi kwa pasi, asubuhi ya harusi yenyewe. Alipoulizwa akasema pasi ilikuwa ya moto.

Sasa mkosi wenyewe. Binti anasomea uuguzi, anakwenda chuoni asubuhi na kurudi mchana, na anaishi hapo hapo kwa dada pamoja na Mama yetu. Baba wa mtoto aliondoka zamani, na hatumtaji kwa mkono wala kwa mdomo. Siku moja Binti alikuwa anaoga, simu yake ikabaki mezani ikichajiwa. Ikawaka. Dada aliichukua ili kuisogeza isianguke. Hayo ni maneno yake, na ninayaandika kama alivyoyasema. Namba ya siri ya simu hakuwa ameambiwa na mtu, lakini mtu anayesoma vidole kwa riziki yake utamficha nini? Alikwisha kumwona Binti akibonyeza, kwa mbali, huku yeye mwenyewe anajifanya anapanga vikombe.

Basi akasoma. Hakukuta mchumba, hakukuta deni, hakukuta uhuni. Alikuta ujumbe Binti aliomwandikia rafiki yake: "Kwetu hata ndoto zinakaguliwa. Mama yangu ni polisi asiyevaa sare."

Mwenye busara angeirudisha simu mezani na kuumia kimya kimya. Dada yangu alisubiri Jumapili. Tulikuwa mezani, mimi, Mama, Binti, na jirani mmoja mwenye masikio makubwa. Dada akasimama, akayasoma yale maneno kwa mdomo na kwa mikono kwa wakati mmoja ili Mama naye asipitwe. Kisha akauliza, mikono hewani, "Mimi? Mimi ndiye polisi?"

Jirani akaangalia sahani. Binti akasimama, akaingia chumbani, na tangu siku ile hakuongea na mama yake. Nanyi msiojua kununa kwetu kukoje, nisikilizeni. Nyumbani kwa kiziwi, kununa si kufunga mdomo. Kununa ni kugeuza macho. Mtu akikupa maneno ya mkono ukaangalia pembeni, umemfungia mlango usoni. Dada alikuwa akirudi kutoka Bungeni, akaanza kusema kitu, na Binti anatazama ukuta. Nchi nzima ilikuwa ikiitazama mikono ile, ila mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye dada aliyemtaka.

Wiki iliyofuata Binti alikuja saluni kwangu.

"Mama mdogo," akasema, "kile chumba chako cha nyuma bado kina kitanda?"

"Kipo. Kuna na makopo ya dawa za nywele. Kwa nini?"

"Jumamosi nahamia kwako."

"Na bibi yako ataongea na nani mchana kutwa, mama yako akiwa kazini?"

Nilikuwa nimegusa kidonda. Binti ndiye mikono ya Mama nyumbani. Ndiye anayemsimulia mitaani kuna nini, nani kamkasirikia nani, mvua imeanza kusikika wapi.

"Nitakuwa namtembelea," akasema. "Lakini siwezi kukaa pale, Mama mdogo. Mama aniombe radhi. Na asininunulie viatu badala ya neno. Nataka aseme."

Nikaupeleka ujumbe. Dada alinitikisia kidole, yaani alinitajia jina lake mwenyewe bila kukusudia.

"Mzazi amwombe radhi mtoto? Tangu lini? Na kama hana cha kuficha, anaogopa nini?"

"Hana cha kuficha, dada. Ulichokikuta mle kilikuwa ni wewe."

Akanifukuza kwa upole wa kawaida yake, yaani kwa kunifungulia mlango. Mama naye hakuegemea upande wowote. Nilichokiona tu ni kwamba siku zile alikuwa akikaa kitini na kumtazama Binti kwa muda mrefu, anapopika, anaposoma, anapofunga viatu, kama mtu anayejiwekea akiba. Nilimwonea huruma mpaka nikachukia. Nilimchukia dada kidogo, nakiri, kwa wiki moja hivi.

Sasa tazameni jinsi mambo yanavyopangana. Wiki hiyo hiyo Bunge likaletewa mswada wa kumruhusu polisi kuifungua simu ya raia popote atakapomsimamisha, barabarani, sokoni, hata mlangoni kwake, bila hati ya mahakama. Watu waliusema kila mahali. Kwangu saluni niliacha televisheni wazi, maana mteja anayesikiliza Bunge hatikisi kichwa.

Alhamisi mchana Binti akamleta Mama nimmalizie kichwa, maana jana yake nilimsuka nusu tu. Kitini kwangu alikuwapo tayari mke wa askari mmoja, nimefika nusu ya kichwa. Mama akakaa mbele kabisa, karibu na kioo cha televisheni, kwa sababu yeye haangalii Bunge, anamwangalia mwanawe. Binti akachukua gazeti la mitindo ya nywele la miaka iliyopita, akajifunika nalo uso.

Waziri akasimama. Ni mtu wa suti nzuri na kikohozi cha maana.

"Mheshimiwa Spika, raia mwema hana cha kuficha! Asiye na hatia anaogopa nini?"

Na pale chini, kwenye kidirisha, dada akayasema hayo hayo, lakini kwa moyo jamani! Mabega juu, kidevu mbele, vidole vinakata hewa. Waziri mwenyewe alikuwa baridi ukimlinganisha naye.

Mama akanigeukia. "Hapo anatafsiri," akaniuliza kwa mikono, "au anahubiri?"

Mke wa askari, asiyejua tunasema nini, naye alikuwa na lake. "Mume wangu akipewa ruhusa ya kufungua simu za watu, mimi nani atanipa ruhusa ya kufungua ya kwake?"

Saluni ikacheka. Akasimama mbunge mwingine, mwanasheria wa zamani, akauliza polisi akishafungua simu atasoma nini na kuacha nini. Atasoma majibu yako ya hospitali? Atasoma ulivyomgombeza mkweo? Na ukisingiziwa, ushahidi ameushika nani, wewe au yeye? Kabla hajamaliza, akainuka yule mbunge mnene ambaye kazi yake ni kuinuka. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika!" Viziwi wamempa jina la alama, viganja viwili vinavyosukuma kiti nyuma. Dada akamsukuma kiti, akamsimamisha, akamkalisha, akarudi kwa mwanasheria, yote hayo bila kupumua. Nikisema ukweli, alikuwa anajua kazi yake mpaka inapendeza.

Kisha akapewa nafasi mama mmoja wa viti vya nyuma. Mtu mzima, sauti inakwaruza, miwani imefungwa kwa uzi. Sikuwahi kumwona akichangia.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "nimekuja hapa nikiwa na nia ya kuunga mkono. Lakini nimemsikia Waziri akiuliza asiye na hatia anaogopa nini, nikajisikia mimi mwenyewe. Hayo maneno niliwahi kuyasema nyumbani."

Ukumbi ukatulia. Na dada akatulia nao, maana bomba huenda kwa kasi ya maji.

"Nilipekua simu ya binti yangu," yule mama akasema.

Na dada yangu, kwenye kidirisha, mbele ya nchi nzima, akasema: nilipekua simu ya. Halafu ncha ya kidole ikapanda shavu la kushoto, ikazunguka kidogo.

Nilikuwa nimeshika fungu la nywele za mke wa askari. Sijui nililivuta kiasi gani.

"We! Unaning'oa!"

"Samahani, dada, samahani."

Mama alikuwa amekamata mikono ya kiti. Gazeti la mitindo lilikuwa limeshuka mapajani kwa Binti, na yeye, bila kujua anafanya nini, alikuwa ameweka kidole shavuni kwake.

Yule mbunge akaendelea. "Nilidhani namlinda. Sikukuta uhalifu. Nilikuta mtoto anayeniogopa. Tangu siku hiyo hajanificha kitu, kwa sababu hajaniambia kitu. Anaishi mbali sasa, namsikia akiumwa tu. Mheshimiwa Spika, mimi niliyemzaa nilibomoa nyumba yangu kwa kuingia bila kupiga hodi. Polisi asiyemjua atabomoa nini? Nilikosea. Siwezi kuunga mkono."

Kila aliposema "binti," kidole cha dada kilikwenda shavuni. Kila mara. Alama ya binti anaijua tangu hajaota meno, wala haifanani na ile hata kidogo, lakini siku ile mkono ulikataa kuitoa. Alipofika pale pa "nilikosea," uso wake ulikuwa ule ambao sijauona tangu tulipokuwa watoto. Kisha zamu yake ikaisha, akaingia kwenye kidirisha mwenzake mrefu, Spika akaahirisha, na saluni yangu ikafuta machozi kwa ajili ya yule mbunge. Hakuna aliyejua sisi watatu tumeona nini.

Binti akasimama. "Mama mdogo, nywele za Bibi tutamalizia kesho. Namrudisha nyumbani."

Nilimmaliza mke wa askari kwa mistari ambayo sijivunii, nikafunga saluni mapema, nikawafuata. Mtaniita mbea. Msusi gani angebaki?

Nilipofika, begi la Binti lilikuwa pembeni mwa mlango, limefungwa zipu. Mama yuko kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani dada alipoingia, akavua viatu, akaweka mkoba, akaona begi. Akaona na jambo jingine: Binti anamtazama. Macho kwa macho.

Binti akasema kwa mikono, pole pole. "Umetaja jina langu."

"Wapi?"

"Bungeni."

Dada akacheka kile kicheko cha mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mimi sijasema kitu Bungeni. Sijawahi kusema kitu Bungeni. Mama mmoja aliongea habari za binti yake, nikayapitisha. Mimi ni bomba."

Hapo nikaelewa kwamba hakujua. Wallahi hakujua. Mkono wake ulimpita, ukaenda kusema ya kwake mbele ya nchi nzima, ukarudi kimya kama haukutoka.

Mama akapiga meza kwa kiganja ili tumtazame.

"Huyo mheshimiwa wako," akasema, "jina la mjukuu wangu alilijulia wapi? Nililitoa mimi, hapa hapa, siku mtoto alipocheka mara ya kwanza."

Dada akanigeukia. Macho yalikuwa yanaomba niseme si kweli. "Na wewe uliona?"

"Niliona. Niliking'oa kichwa cha mke wa askari kwa ajili yako."

Akakaa. Niliuona uso wake ukihesabu: nani mwingine analijua jina lile, wakubwa wake wataona, chama cha viziwi kitaandika. Hakuna anayelijua zaidi yetu, lakini hofu haisikilizi. "Nimekosea," akasema mwishowe, na mimi nikashika ukuta, maana neno lile nililisikia mdomoni mwake kwa mara ya kwanza. Halafu akaongeza, "Kazini. Nimekosea kazini."

"Kazini hatujakuuliza," Mama akamjibu.

Dada akasimama, akajiweka sawa kama anayeingia kwenye kidirisha. "Basi. Kama kuna mtu yeyote alikwazika kwa namna moja au nyingine..."

Mama akainua mkono juu, kiganja wazi, kama afanyavyo Spika. "Bila masharti," akasema. Kumbe miaka yote ile alikuwa anajifunza kanuni.

Dada akaanza upya. "Nilifanya vile kwa sababu nakupenda, na mzazi yeyote anayejali..."

Viganja viwili vya Mama vikasukuma kiti nyuma. Kuhusu utaratibu! Nilicheka kwa sauti, na nikaona kona ya mdomo wa Binti ikitetemeka, ingawa aliubana.

Dada hakucheka. Alisimama pale, mikono imening'inia. Kwa kawaida, akiongea nasi, huchanganya mdomo na mikono kwa pamoja, ndiyo tabia yake, ili asipoteze hata mmoja. Safari hii mdomo ulinyamaza. Mikono ikaanza yenyewe, midogo, karibu na kifua, bila mabega wala kidevu.

"Baba yako aliondoka bila kuniambia kitu," akamwambia Binti. "Niliamka nikakuta kabati tupu. Nikajiambia, nikijua kila kitu, hakuna mtu atakayeondoka tena humu bila mimi kujua. Sasa nimejua kila kitu, na begi liko mlangoni." Akalitazama begi. "Maneno yako yalikuwa ya rafiki yako. Nikayasoma mezani mbele za watu. Nilikosea. Nisamehe." Na kidole kikapanda shavuni, kikazunguka. Safari hii kilijua kinakokwenda.

Mimi nililia. Sioni aibu. Nililia kwa ajili ya gauni langu la harusi pia.

Binti hakumkimbilia. Alisimama alipo, akaweka masharti yake kwa utaratibu mzuri sana. Angefaa kuwa Bungeni.

"Mlango wa chumba changu utagongwa."

"Utagongwa."

"Yangu hayatasomwa mezani. Wala kwa Mama mdogo." Hapo nilitazama dari.

"Hayatasomwa."

"Na namba ya siri ya simu nimebadilisha."

"Najua," dada akasema.

Sote tukamgeukia. Mikono yake ikaganda hewani.

"Uliibonyeza juzi," akajitetea, "pale dirishani. Sikutaka. Vidole vyako vinaongea wazi mno, mwanangu, nifanyeje? Nifumbe macho?"

Nilidhani mambo yameharibika. Lakini Binti alimtazama mama yake, mwanamke mzima mwenye nguo nyeusi, anayesoma vidole hata asipotaka, na kicheko kikamshinda. Kishimo kikatokea shavuni. Akalichukua begi, akalirudisha chumbani, na tukamsikia akifungua zipu. Yaani sisi wawili tulisikia. Mama alitazama mlango wa chumba mpaka begi lilipotokea tupu, likatupwa juu ya kabati, ndipo akajiegemeza kitini.

Waheshimiwa nao walikuja kuurudisha ule mswada kamatini, uandikwe upya na hati ya mahakama ndani yake. Waziri alisema ni kwa ajili ya mashauriano zaidi. Dada alimtafsiri vizuri, safari hii bila kuhubiri, na mkono haujamponyoka tena, au ukimponyoka hatujauona.

Lakini mwisho wa jioni ile nauona mpaka leo. Tulikuwa tumekaa mezani wote wanne, mimi namalizia kichwa cha Mama. Simu ya Binti ilikuwa katikati ya meza, na ikawaka. Ujumbe umeingia. Mimi nikanyoosha shingo. Mama, na uzee wake wote, akauliza wazi wazi kwa mikono, "Ni nani huyo?"

Dada aliangalia simu, akaangalia ukuta. Kisha akachukua mikono yake yote miwili, ile inayoongea na nchi nzima, akaiweka chini ya mapaja na kuikalia. Binti alimwona. Akaisoma simu kimya mpaka mwisho, akaiweka mezani.

Kisha yeye mwenyewe akaanza kutuhadithia.